Mbawakawa Watatu na Meza ya Mpakani

Risala ya Klabu ya Wadudu wa Majini, Shule ya Sekondari Igwamalonga, iliyosomwa mbele ya mgeni rasmi siku ya kufungua maabara, Oktoba 1996

Mgeni rasmi, Alhaji Taufiq Fazal, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule yetu, Mwalimu Mkuu, pamoja na Sista Philomena, mwalimu wa baiolojia na mlezi wa klabu, Mwalimu Thobias wa nidhamu, walimu wengine ambao hamkutajwa lakini mnatutazama kwa makini, wazazi wetu, mabibi na mabwana:

Shikamooni. Na waliotoka kwenye ng'ombe moja kwa moja, mwangaluka.

KUKARIBISHA

Mgeni rasmi, karibu Igwamalonga. Tunajua njia kutoka Masumbwe ni mbaya, na tunajua kiti ulichokalia kimetoka ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Kiegemee bila wasiwasi. Mguu wenye tatizo ni wa nyuma kushoto, nao tumeufunga.

Kabla hatujafika mbali, tuna maelezo mafupi. Mwalimu Mkuu aliipitia risala hii juzi. Sehemu ya Changamoto aliifuta yote kwa wino mwekundu, akaandika pembeni: "Mgeni asichoshwe." Tumetii. Risala hii haina changamoto hata moja. Ila usishangae, Alhaji, ukiona sehemu ya Mafanikio imenenepa.

Vilevile ametukataza maneno mawili. La kwanza ni jina la kinywaji kinachopikwa porini kwenye pipa, ambacho serikali imekipiga marufuku na wananchi hawajasikia. Hatutalitaja. Tutasema "kile kimiminika". La pili ni kiungo ambacho kila dume analo. Hilo nalo hatutalitaja mbele ya wazazi. Tutasema "kitambulisho". Tukifika hapo, mgeni rasmi utajua.

HISTORIA YA KLABU

Klabu yetu ilianzia kwenye ulimi wa Justa Masalu.

Aliyechunga upande huu anamjua mbawakawa wa maji, yule mdudu mweusi anayeng'aa kama kiatu cha mkaguzi, anayezunguka juu ya lambo, bwawa la kunyweshea ng'ombe, kutwa nzima kana kwamba kuna kitu amekidondosha. Ana macho manne. Mawili yanatazama juu ya maji na mawili yanatazama chini, kwa wakati mmoja, kama mwalimu wa zamu. Desturi inasema mtoto asiyejua kupiga mluzi akamatiwe mdudu huyo, amuume ulimi. Ulimi ukivimba na kunywea, mluzi umeingia. Na mluzi si mchezo. Mchungaji asiye na mluzi hukimbia mwenyewe hadi mbele ya kundi, na akifika, pamba ya jirani imeshaliwa.

Justa aliumwa ulimi kabla hajaanza darasa la kwanza. Mluzi haukuja. Akaumwa tena mwaka uliofuata, kwa hiari yake, huku machozi yakimtoka. Akipuliza, ikatoka hewa na mate. Mdogo wake aliumwa mara moja tu, na mluzi wake unageuza mbuzi wa kijiji cha pili. Basi baba yao, Mzee Masalu, akatoa hukumu.

"Wewe uliumwa na yule wa mwaloni," akamwambia. Mwalo, kwa wasiotoka huku, ni pale wachimbaji wanapooshea mchanga wa dhahabu. "Wa mwaloni hafundishi. Anayefundisha ni wa lamboni."

"Baba, si wote ni weusi? Si wote wanazunguka?"

"Yaya, ng'wana wane, sivyo mwanangu. Mimi na Bartholomeo wa mashineni si sote tuna vipara? Haya, nenda ukamwite yeye baba."

Justa alilala na swali hilo, akaamka nalo, akaja nalo sekondari. Akiwa kidato cha pili, Sista Philomena akifundisha wadudu, alisema mbawakawa wanaozunguka maji ya hapa ni wa aina moja. Justa akanyoosha mkono.

"Sista, samahani. Baba yangu anasema ni aina mbili."

"Baba yako ana ushahidi gani?"

"Ulimi wangu, Sista."

Darasa lilicheka mpaka madawati yakasogea. Sista peke yake hakucheka. Alisema, "Kesho niletee wote wawili. Mimi nitaleta wembe."

Mgeni rasmi, klabu ikazaliwa hapo.

MAFANIKIO

Fanikio la kwanza ni la anatomia, yaani kumfungua mdudu na kutazama alivyoundwa. Kwa nje, wa lamboni na wa mwaloni hawana tofauti. Tulipima urefu, tukahesabu miguu, tukatazama yale macho manne, nayo yakatutazama. Sawasawa. Ndipo Sista akatueleza kwamba mbawakawa walio ndugu wa karibu hutambuliwa kwa kitambulisho cha dume, ambacho hukibeba ndani ya tumbo na hakionyeshi ovyo.

Mmoja wetu alicheka. Hatutamtaja, ila ndiye anayesoma risala hii.

"Maganga," Sista alisema, "kama unaona haya, katoke ukacheke na mbuzi. Aliyekiumba hakuona haya."

Kukitoa kitambulisho bila kukivunja ni kazi. Sisi tulivunja. Justa hakuvunja. Alichonga mwiba wa mgunga, akaushika kama anatoa funza kwenye kidole cha mtoto, akapumua taratibu, na kile kitu kikatoka kizima, chembamba kuliko unyoya wa kifaranga. Tukakiweka chini ya hadubini, ile inayotumia kioo na jua. Cha mwaloni kimenyooka kama kijiko. Cha lamboni kimepinda kama ndoano. Justa alitazama kimoja, akatazama kingine, akarudia. Kisha akanong'ona, "Basi baba hakuwa na makosa." Wengine tulidhani atafurahi. Alikaa chini kwenye sakafu, kama mtu aliyekuwa amebeba mtungi kwa muda mrefu na sasa ameambiwa autue.

Ili Alhaji tusikuchoshe, tuseme hivi. Mteja akija dukani kwako na kitenge akidai ni cha Mwanza, wewe hutazami maua. Unageuza upindo. Sista alisema anatomia ndiyo kugeuza upindo. Lakini yupo fundi anayeweza kuiga hata upindo. Hapo inabidi ufumue uzi mmoja na kuuliza ulisokotwa kiwanda gani. Huko kufumua uzi ndiko wataalamu wanakoita jenetiki. Wanasoma chembe za urithi, zile alizopewa mdudu na mama yake, na mama yake na bibi yake, ambazo koti jeusi haliwezi kuzificha.

Fanikio la pili lilishindikana. Tulitaka kuhakikisha ni yupi anayefundisha mluzi, tukaumwa ndimi, nusu yetu na wa lamboni, nusu na wa mwaloni. Hakuna aliyepiga mluzi. Siku iliyofuata tulikuwa na mdahalo na shule ya jirani, tukashindwa kwa sababu hakuna aliyeeleweka. Tunaliweka kwenye mafanikio kwa kuwa hakuna aliyekufa.

Fanikio la tatu ndilo nene.

Kwa kufumua uzi tulihitaji mtu mwenye mashine, na mtu huyo, mgeni rasmi, ni binti yako, Dakta Zahida, huko Dar es Salaam kwenye maabara anakofanya kazi. Sista alimpigia kwa simu ya dukani kwako. Tukatuma wadudu ndani ya formalini, ile dawa inayotunza vyura wetu wa kabatini. Jibu likaja haraka: hawasomeki. Formalini hugandisha chembe za urithi mpaka hazifunguki. Dakta Zahida akasema wadudu wanywe spiriti kali, safi, isiyo na rangi.

Zahanati walikuwa nayo ya zambarau, ya kusafishia vidonda, nayo ilikuwa kidogo. Mganga akasema vidonda vinakuja kabla ya wadudu, nasi tukaona ana haki.

Sasa, kali, safi na isiyo na rangi. Mgeni rasmi, hapa wilayani kuna kimiminika kimoja tu chenye sifa hizo.

Tunajua hujawahi hata kukinusa. Sisi tulikinusa kwa ajili ya sayansi. Justa ndiye aliyekwenda kukichukua kwa shangazi yake, Mama Paskazia, ambaye kazi zake nyingine hazihusiani na risala hii.

"Ya kunywa au ya kuchua?" shangazi akauliza.

"Ya mbawakawa, shangazi."

"Mayu! Na wao wameanza?"

Justa akaomba apewe ile inayodondoka mwanzo, kali kuliko zote, kisha tukaitonesha tena kwa birika na mrija mpaka ikawaka moto wa buluu. Wadudu wakatiwa ndani, chupa zikafungwa kwa nta, boksi likaandikwa "Wadudu. Usifungue", likawekwa kiti cha mbele cha lori, katikati ya dereva na utingo. Dereva hakufungua. Tunampongeza sana. Lori lenyewe, mgeni rasmi, ni lako. Kwa hiyo ukihesabu ni nani aliyebeba kile kimiminika kwa umbali mrefu kuliko wote katika mkoa huu, jina la Justa halitakuwa la kwanza. Hatumtaji mtu.

Chupa moja ya akiba ilibaki kabatini. Mwezi Agosti Mwalimu Thobias alikuwa akikagua madarasa, akafuata harufu kama mtu anayefuata mchuzi, akamkuta Justa akibadilisha nta ya kizibo. Sisi wengine tulikuwa shambani kwenye elimu ya kujitegemea.

"Hii nini, Justa?"

"Mbawakawa, mwalimu."

"Naona. Nauliza hayo maji waliyomo."

Angeweza kunyamaza. Angeweza kukohoa. Justa akasema, "Si maji, mwalimu."

Akasimamishwa masomo siku hiyohiyo mpaka bodi itakapokaa. Jioni tulikwenda ofisini klabu nzima tukasema kile kitu ni chetu sote. Sista akasema ni chake yeye kwanza. Mwalimu Mkuu alitutazama, akashika kichwa.

"Nikiwasimamisha wote, wageni wakija wataimbiwa na nani?"

Kwa hiyo sisi tulibaki kwa sababu ya sauti zetu. Justa haimbi.

Chupa ilichukuliwa iwe ushahidi, nayo imefungiwa kabati la nidhamu. Tumeambiwa ushahidi umepungua. Huenda ni jua. Wadudu wenyewe wapo wote.

Mgeni rasmi, hatusemi hizi ni changamoto.

Mwezi Septemba ulikuja mwenyewe hapa na pikapu yako, tukiwa mstarini asubuhi. Hukuzima hata injini. Ulitoa kichwa dirishani ukapaza sauti:

"Nyie watoto wa wadudu! Zahida amepiga simu! Anasema si wawili, ni watatu! Hao wa lamboni ni aina mbili zimevaa koti moja!"

Tulishangilia mpaka kengele haikusikika. Ukauliza, "Aliyewachambua ni nani? Zahida anasema mwenye mkono huo asipotee."

Mwalimu Mkuu akajibu, "Ni klabu nzima, Alhaji."

Ukatupungia mkono sote, ukageuza gari. Pale barabarani, nje ya ua wa mkonge, kulikuwa na msichana amesimama na kanga ya mama yake. Huenda ulimwona kwenye kioo, huenda hukumwona. Vumbi lilimfunika. Huyo ndiye Justa. Alikuwa akija kila asubuhi kusikiliza majina yakiitwa, na likifika lake, linarukwa, ndipo anarudi nyumbani kwenye ng'ombe wasiomsikia.

Siku hiyo hakurudi; saa ya mapumziko tulimkimbilia pale kwenye ua wa mkonge.

"Amesema wangapi?"

"Watatu! Wa lamboni wako wawili!"

Hakuruka, hakucheka. Alifuta vumbi usoni kwa upindo wa kanga. "Haiwezekani," akasema. "Niliwatazama wote. Wote wana ndoano. Kama ni wawili, kuna kitu nilikipita." Halafu akasema, "Nileteeni hadubini."

Hapa ndipo tulipopata shida ya sheria. Aliyesimamishwa haruhusiwi kukanyaga eneo la shule. Na hadubini hairuhusiwi kutoka eneo la shule. Tukakaa, tukafikiri, tukabeba meza ya maabara mpaka getini. Miguu miwili tukaiweka ndani, miwili nje. Hadubini ilikaa ndani. Justa alisimama nje. Shingo yake, kwa kweli, ilivuka mpaka, lakini sheria inasema kukanyaga, na shingo haikanyagi.

Mwalimu Thobias alikuja mbio na fimbo yake. Akazunguka meza. Akatazama miguu ya meza, akatazama miguu ya Justa, akachuchumaa kabisa kuona kama kidole kimevuka.

"Nani kawafundisha ujanja huu?"

"Mbawakawa, mwalimu," Maganga akajibu. "Nusu juu ya maji, nusu chini."

Maganga alichapwa. Lakini meza haikuondolewa, na kwa hilo, Mwalimu Thobias, tunakushukuru hadharani.

Justa alitazama siku baada ya siku, jua likihama naye anazungusha kioo kulifuata. Wapita njia wa kwenda mnadani walisimama, wakauliza anauza nini. Aliwafungua wale wa lamboni mmoja baada ya mwingine, akawachora, akawapanga upya kufuata makundi ambayo Dakta Zahida alimtajia Sista kwenye simu. Siku moja mchana tulisikia ukelele getini. Tulidhani ameumwa na nyoka.

"Vinyweleo!" alikuwa akipiga kelele. "Maganga! Sista! Njooni! Huyu ana vinyweleo kwenye ncha ya ndoano, na huyu hana! Vilikuwepo siku zote, mimi nilidhani ni uchafu!"

Sista alitazama. Akanyanyuka, akafanya ishara ya msalaba, akainama akatazama tena. Jenetiki ilisema wapo, anatomia ikawaona. Ingekuwa moja bila nyingine, tungebaki na jibu nusu. Justa akatuambia taratibu tusisogeze meza, kana kwamba wadudu waliokwishakufa wangeweza kukimbia.

Kuhusu mluzi, aina zote tatu hazifundishi. Tumemweleza Mzee Masalu. Anasema itakuwepo ya nne.

MAOMBI

Alhaji, risala za wenzetu hapa huomba bati, saruji na mpira wa miguu. Sisi hatuombi bati, na mpira tunao wa makaratasi.

Mtihani wa kidato cha nne unaanza Jumatatu, na wa kwanza ni wa vitendo, baiolojia. Jina la Justa Masalu limesajiliwa na picha yake imebandikwa. Kinachokosekana ni neno la bodi. Bodi haijakaa, maana mwenyekiti alikuwa Mwanza, kisha alirudi na mafua, kisha akaondoka tena, na sisi tunajua biashara haingoji mtu. Lakini tumeambiwa katiba ya shule inampa mwenyekiti ruhusa ya kumrudisha mwanafunzi kwa muda, kikao kikisubiriwa. Na mwenyekiti, kwa rehema ya Mungu, hana mafua leo, na ameketi kwenye kiti imara, ukiacha ule mguu.

Hatusemi hakukosea. Alikwenda kuchukua kitu kilichokatazwa, nasi tulimtuma. Kama kuna fimbo, igawanywe. Kama kuna kulima shamba la shule mpaka Krismasi, majembe tunayo. Ila Jumatatu ikipita, Alhaji, hakuna Jumatatu nyingine mpaka mwakani, na kwa Mzee Masalu mtoto wa kike aliyekaa nyumbani mwaka mzima huwa hapewi mwaka mwingine. Tayari kuna watu wamekuja kutazama zizi lake na kuhesabu ng'ombe wao wenyewe, wa mahari. Justa hajatuambia hilo. Alituambia mdogo wake.

Sasa tunafika kwenye ratiba. Inaonyesha kwamba baada ya risala hii mgeni rasmi atakata utepe, ataingia maabara, atainama kwenye hadubini na kuwaona mbawakawa watatu. Tunaomba radhi, ratiba ina kasoro. Chini ya hadubini hakuna kitu. Vile vitambulisho vitatu ni vyembamba mno. Sista macho yamechoka, na Maganga alijaribu jana akavunja viwili vya mazoezi. Mwenye mkono wa kuvipanga yupo mmoja. Ameshavitayarisha, anavyo ndani ya kibakuli kilichofunikwa, na amesimama nje ya geti, upande wa barabara. Sare ameifua, ameipiga pasi, ameikunja ndani ya mfuko. Hajaivaa, kwa sababu hajaruhusiwa.

Mkasi uko mezani mbele yako, Alhaji. Utepe unaweza kungoja. Tunaomba kwanza umwambie Mwalimu Thobias, kwa sauti ile uliyotumia dirishani mwa pikapu, afungue geti.

Mungu akujalie safari zisizo na pancha, duka lisilokauka wateja na binti mwenye kukupigia simu za kheri. Walimu wetu awape subira, maana sisi bado tupo. Wazazi awape mvua kwa wakati wake.

Ni sisi wanachama wa Klabu ya Wadudu wa Majini, Igwamalonga. Imesomwa na Maganga kwa niaba ya katibu wa klabu, ambaye kazi hii ni yake, na ambaye anasikiliza kutoka barabarani.